Kamera Niliyoibeba kwa Mbeleko

Dada yangu aliteleza bafuni nyumbani kwangu Mitwero, akavunjika nyonga, na daktari akasema asitikiswe. Sasa mtu asiyetakiwa kutikiswa, na kwao ni Sudi, na barabara ya Sudi miaka ile ilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi na kamba yake, atafikaje? Hafiki. Akawa analia kila asubuhi, mtu mzima, meno hana: "Nitakufa sijaiona tena njia ya kwetu."

Mjukuu wangu ndiye aliyepata wazo. Ilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kinaingia madukani, na yeye alikuwa amenunua kamera ya video Dar es Salaam, ile kubwa ya kutia kanda, anapiga nayo harusi za watu. Pikipiki pia alikuwa nayo. Akasema, "Bibi, kama bibi mkubwa hawezi kwenda Sudi, Sudi itamjia kwenye televisheni."

Akaifunga kamera kwenye usukani wa pikipiki kwa vipande vya tyubu, akaenda, akarudi, tukaweka kanda. Maskini! Minazi inaruka, mbingu inashuka chini, ng'ombe mmoja ana vichwa vinne. Dada akatazama, akasema, "Hii ni njia ya Sudi au mnachekecha mchele?" Halafu akatapika kwenye beseni.

Mjukuu akajaribu kuilaza kamera kwenye mto wa sufi. Akakata na sponji ya godoro langu, bila kuniuliza. Kanda ya pili dada hakutapika, ila aliomba afunikwe kanga usoni. Ndipo nikamwambia mjukuu, "Mume wangu, lete hicho kidude. Mimi nimelea watoto tisa. Kitu kisichotakiwa kushtuka hakifungwi kwa tyubu. Kinabebwa."

"Bibi, utaanguka."

"Aanguke mama mkwe wako."

Kusoma nilijifunza ukubwani, ngumbaru, na sikumaliza. Lakini kiuno changu kimefundwa unyagoni, na aliyenifunda alikuwa haniachi mpaka nicheze na kata ya maji kichwani na tone lisidondoke. Kiuno kinazunguka, kuanzia mbavu kwenda juu ni kimya. Hiyo shule niliimaliza, tena nilikuwa wa kwanza.

Basi nikavaa suruali ya marehemu mume wangu ndani ya kanga, nikakaa kiume juu ya mito miwili ili nimzidi mjukuu urefu. Kamera nikaifunga kifuani kwa mbeleko, jicho lake likichungulia juu ya bega la dereva wangu. Tukaondoka. Shimo likija, kiuno kinalipokea, kifua hakina habari.

Mingoyo tulisimama tunywe maji. Muuza maandazi mmoja akaja mbio, sinia mkono mmoja.

"Hongera, bibi! Wa kike au wa kiume? Hebu nimwone."

Akafunua mbeleko. Akakutana na jicho moja la kioo na kitaa chekundu kinawaka. Yowe alilopiga, maandazi yote chini.

"Ni kamera, mjinga we!" nikamwambia.

"Kamera unaibebea mbeleko ya nini?"

"Ili isilie."

Kesho yake tukaweka kanda. Picha imetulia kama mafuta kwenye bakuli. Minazi inapita mmoja mmoja, watu wanapunga mikono, mpaka Sudi, mpaka nyumba ya baba yetu na baraza yake. Dada hakutapika. Nikakaa nasubiri shukrani. Kanda ilipokwisha akanigeukia kwa jicho la kisu.

"Kumbe barabara wameitengeneza."

"Nani kaitengeneza?"

"Usinifanye mtoto, nimeiona mwenyewe! Laini kama mkeka. Mnanificha kwa nini? Mnataka nife mnizike hapa Mitwero?"

Nikamweleza habari ya kiuno. Akacheka kwa dharau. "Kiuno chako hicho? Nakijua toka unyagoni. Hakijawahi kutuliza kitu."

Siku tatu akagoma kula. Siku ya nne tukashindwa. Mjukuu akaleta gari dogo la mizigo, tukatandika magodoro mawili, tukamlaza juu yake, mimi nimekipakata kichwa chake. Shimo la kwanza tu, akanishika sikio.

"Muongo mkubwa we!"

Mjukuu, kwenye usukani, akauliza kama ageuze.

"Nani kasema geuza? Endesha, na wewe muongo!"

Alitutukana njia nzima. Alitukana ukoo wangu wote, akasahau kwamba ndio wake.

Tulimshusha kwenye baraza ya baba yetu. Akaupapasa ukuta. Watoto wa ndugu zetu wakaja, shikamoo huku, shikamoo huku. Akawaitikia wote marahaba, kisha akasema, "Kila mfupa unaniuma. Ila nimefika."

Baada ya wiki mbili tukaenda kumchukua. Akatukatalia palepale, mkono kiunoni, amemkazia mjukuu macho kama mke mwenye gubu.

"Mimi narudi kwa ile njia ya kwenye televisheni. Hii yenu siitaki."

Basi hakurudi. Nyonga iliunga vibaya, akawa anatembea kwa mkongojo, lakini alitembea kwao. Na mpaka alipokufa hukohuko Sudi hakukubali hata siku moja kwamba ile barabara laini aliyoiona ilikuwa mimi.