Jina la Kwanza Kwenye Kiambatisho

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwandikia mbunge wetu maswali, naye akiyapeleka Bungeni yakiwa na sahihi yake. Ofisi yetu ya Garissa ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la nguo. Mlikuwa na kiti cha kuzunguka cha Mheshimiwa, ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, na benchi la wananchi lililochomoza msumari. Msumari ule niliujua. Ningeugonga kwa jiwe asubuhi moja tu, ukaisha. Sikuugonga, kwa sababu mtu aliyekalia msumari hasemi maneno mengi, na mimi nilikuwa na kazi ya kuandika.

Kazi hiyo niliipenda vibaya. Kuna maswali ambayo Waziri hujibu kwa mdomo mbele ya wabunge, na huko anaweza kukohoa, kutania na kulaumu serikali iliyopita. Lakini swali la maandishi ni kitu kingine. Mbunge analiandika, Spika analikubali, linapelekwa wizarani, na Waziri sharti alete jibu kwenye karatasi, liingie kwenye kumbukumbu za Bunge na likae humo hata sisi sote tukifa. Niliamini karatasi ni kamba, na kwamba siku nitakapoandika swali la sawasawa nitamfunga Waziri miguu yote minne.

Swali langu la sawasawa lilihusu vidole.

Mwaka wa ule ukame mkubwa, sisi tulihama kutoka upande wa Habaswein na mbuzi wachache waliobaki, na kabla hatujafika tulikokuwa tunaenda hao nao walikuwa wamekwisha. Mama alitupeleka karibu na kambi ya wakimbizi, kama walivyofanya majirani zetu wengi, wenyeji wa nchi hii tangu mababu. Kambini kulikuwa na unga, mafuta na dengu. Nje ya kambi kulikuwa na serikali yetu, ambayo haikuwa na kitu. Ili upate kadi ya chakula ilibidi uweke kidole kwenye mashine na useme umekimbia vita. Mama alikwisha kuweka chake, akahitaji cha mtoto mmoja ili mgao utoshe watu watatu.

Kidole hicho kilikuwa kiwe changu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtu mmoja kwenye foleni alikuwa ameniambia kwamba mashine ile inanyonya damu. Nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka jua likageuka. Mama aliniita hadi sauti ikamkauka, kisha akamshika dada yangu, mwenye miaka saba, akamsukuma mbele. Tulipopata uji, mimi nilikula kuliko yeye. Mambo ya tangi sikumwambia mtu.

Nilipokua niliomba kitambulisho nikakipata baada ya miezi michache. Dada yangu alipofikisha umri aliomba chake, na hakikurudi. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Watu wengi mtaani, vijana kwa wazee, walikuwa hivyo hivyo, wameomba na hakirudi, na sote tulisema kwa minong'ono kwamba ni ile mashine: kidole kikishaingia kwenye rejista ya wakimbizi, hakitoki. Yeye aliomba tena. Alisimama mbele ya kamati ya kuhakiki, wazee wakamsikiliza akitaja babu zake, wakasema huyu ni wetu, akapewa karatasi ya kusubiri.

Alikuwa akisubiri huku barua ya chuo cha uuguzi ikiwa chini ya godoro lake. Chuo kiko ng'ambo ya Mto Tana, na kwenye daraja kuna kizuizi cha polisi ambapo mtu wa sura yetu haulizwi habari, anaulizwa kitambulisho. Chuo kilikuwa kimemwahirishia nafasi mara moja, kikaandika kwamba hakitaahirisha tena. Afike Septemba akiwa na kitambulisho, la sivyo nafasi apewe mwingine. Hakuna kitu dada yangu alichokitaka duniani isipokuwa hicho. Alikuwa amekwisha kushona sare.

Mwezi wa tatu nikaandika swali. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, ina njaa, ina aibu, ina mababu waliopigania uhuru. Karani wa Bunge aliyeshughulikia maswali, mama mmoja wa Pwani mwenye Kiswahili kitamu, alinipigia simu akanieleza taratibu kwamba hiyo ni hotuba, na kwamba swali halina budi kuwa fupi na lisiwe na hasira. Nikalipunguza mpaka likabaki hivi: je, Waziri anaweza kueleza ni raia wangapi wa eneo bunge hili ambao alama za vidole vyao zimo kwenye rejista ya wakimbizi, na ni lini watapewa vitambulisho?

Halafu nikamwambia karani kwamba ninaambatisha orodha ya majina.

“Andika idadi tu, ndugu yangu,” alisema. “Majina kaa nayo wewe.”

Nilimshukuru na kumdharau. Idadi ni maneno ya watu wa Nairobi. Kwetu hata mbuzi hatuwahesabu kwa sauti, sembuse watu. Kwetu mtu ni jina lake, la baba yake, la babu yake, kwenda juu mpaka pumzi ikate, na watu wawili wakikutana jangwani hutajiana mababu mpaka wajue wanapoungana. Ukimwambia Waziri watu arobaini na watatu, atasikia namba. Ukimpa mtu na babu zake wanane, atasemaje huyo si raia? Nilitaka ashindwe kabisa kusema hawajui.

Basi nikawaita watu hao kwenye benchi, mmoja mmoja, nami nikajifanya serikali. Kila mtu ataje babu wanane, atoe namba ya kadi yake ya chakula, aseme ni mwaka gani alipoweka kidole. Wengine hawakuwa wamelikiri jambo hilo hata kwa wake zao. Kadi zilitoka mahali pa ajabu, nyingine ndani ya kibuyu cha maziwa, nyingine imeshonewa kwenye mto.

Mzee mmoja alikwama kwa babu wa sita. Alikuwa ameniambia kwa fahari jinsi alivyomjibu afisa wa usajili aliyemuuliza kama kweli ni Mkenya. “Mimi nasaliwa hapa, baba yangu nasaliwa hapa,” alimwambia. “Wewe nasaliwa wabi?” Sote tulicheka. Lakini babu wa sita alimtoka, na mimi nikamsimamisha mbele ya watu, nikamwambia aende akawaulize ngamia wake. Watu wakacheka tena, ila si kama mwanzo. Kesho yake alirudi na babu wa sita ameandikwa kwenye kipande cha boksi la majani ya chai. Mke wake ndiye aliyekuwa akimkumbuka. Nilichukua kile kipande bila kumtazama.

Dada yangu sikumwita kwenye benchi. Yeye nilimwambia nyumbani kwamba nimemweka namba moja.

Hakutaka. Alisema karatasi yake iko kwenye foleni, nimwache asubiri kama wengine. Nilimwuliza kama amesoma Kanuni za Bunge. Akasema hajasoma. Nikamwambia basi anyamaze. Nikamwandika na babu zake wanane, ambao ndio wangu pia, na namba ya kadi aliyoipata kwa kidole ambacho kingekuwa changu. Nilijihisi mtu mwema kabisa. Nilidhani hivyo ndivyo deni la aina ile linavyolipwa.

Mheshimiwa alitia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake.

Jibu lilikuja mwisho wa mwezi wa nane. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama. Lilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na nalijua kwa moyo. Kuhusu sehemu ya kwanza ya swali, Waziri alisema kwamba kabla ya swali hili Wizara haikuwa imebaini mtu yeyote wa eneo bunge hilo katika rejista ya wakimbizi, kwani ulinganishaji wa alama za vidole haujafika huko. Sasa imewabaini arobaini na watatu, na Waziri anamshukuru Mheshimiwa kwa orodha iliyoandaliwa kwa uangalifu mkubwa.

Kuhusu sehemu ya pili, alisema maombi ya watu hao yalikuwa yamechelewa kwa sababu za kawaida za uchapishaji. Vitambulisho vya watu kumi na mmoja, wa kwanza akiwa namba moja kwenye orodha, vilikuwa vimekwisha kuchapishwa na kufikishwa ofisi ya usajili ya Garissa. Kwa kuwa kiambatisho cha Mheshimiwa kinathibitisha kwamba wahusika walijiandikisha wenyewe kama wakimbizi, utoaji wake umesimamishwa. Faili za waliosalia zimefungwa.

Nilikaa kwenye kiti cha Mheshimiwa. Haikuwa ile mashine. Mashine haikuwa imesema kitu. Ilikuwa ni uvivu wa kawaida tu, ule uvivu wa serikali ambao ukiuacha hatimaye hukufikia, na mimi niliuamsha kwa babu wanane wanane. Wizara isingeweza kuwapata watu wale hata kwa miaka kumi. Niliwakamata mimi, nikawapanga kwa mstari na kuwatilia namba.

Mheshimiwa alipokuja alinikuta pale kwenye kiti chake, na alikuwa na furaha hata hakuniondoa. Alisema kuna wabunge ambao maswali yao yanaoza wizarani mwaka mzima, na lake limejibiwa. Nilimweleza jibu linasema nini. Akasema tutauliza tena. Nikamwambia kanuni: swali lililokwisha kujibiwa haliulizwi tena katika kikao hicho. Akaweka barua mezani na kuipiga picha kwa simu. Hakuipiga yote. Alichukua pale juu penye nembo, na ule mstari unaosema vitambulisho vimechapishwa na kufikishwa ofisi ya usajili ya Garissa, akatuma kwenye makundi yote ya simu ya eneo bunge, pamoja na maneno ya kumshukuru Mungu.

Nilimwona akituma. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na namba ya dada yangu ninaijua kuliko yangu. Sikupiga. Nilijiambia pengine hataiona.

Aliiona. Alivaa hijabu yake ya Idi, akachukua ile karatasi ya kusubiri, akaenda ofisi ya usajili kwa miguu katika jua la saa sita. Hayo niliyasikia kwa yule mzee wa babu wa sita, ambaye naye alikwenda na walisimama foleni moja. Alisema afisa alitafuta kwenye droo, akakipata kitambulisho cha dada yangu upesi kwa sababu kilikuwa cha juu. Akakishika ili amlinganishe na picha. Dada yangu tayari alikuwa amenyoosha mkono. Ndipo afisa akaiona ile karatasi iliyobanwa nyuma yake, akaisoma, akaomba radhi, akakirudisha kwenye droo na kuifunga. Mzee mwenyewe hakuwa na cha kuonyeshwa. Aliketi kwenye benchi langu, juu ya msumari, akaniuliza kama angalau Waziri amemwandika babu wa sita vizuri. Nilimwambia ndiyo.

Nilichelewa kurudi nyumbani makusudi, lakini mtu hawezi kuchelewa milele. Mama alikuwa chumbani kwake na mlango ameufunga. Dada yangu alikuwa jikoni akichemsha chai, na hijabu ya Idi ameitundika kwenye msumari wa mlango, imekunjwa vizuri. Hakulia. Alinisimulia kwa utulivu kwamba picha yake imetoka vizuri, kwamba alidhani macho yangetoka yamefumba, kumbe hayakufumba, na kwamba jina lake limeandikwa bila kosa hata moja. Alisema afisa alikuwa mpole, na kwamba ile karatasi iliyobanwa nyuma ilikuwa na mwandiko wangu. Nakala ya orodha. Aliutambua kwa mbali.

Akaegesha sufuria pembeni, akanitazama.

“Abboowe, kaka yangu,” alisema, “watu wote wale, kwa nini mimi uliniweka wa kwanza?”

Hilo lilikuwa swali fupi, lisilo na hotuba wala hasira, karani wa Bunge angelipitisha siku hiyo hiyo. Nilikuwa na jibu lake. Lilikuwa nyuma ya tangi la maji tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na lingetoshea kwenye sentensi moja. Nilifungua mdomo.

“Jambo hilo linashughulikiwa, abaayo,” nilisema.

Alisubiri kidogo kuona kama kuna zaidi. Kisha alinimiminia kikombe cha kwanza, kama kawaida, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, akaniuliza kama sukari inatosha. Hilo nililijibu. Nilisema inatosha. Zilikuwa zimebaki siku nne Septemba ianze.