Tembo wa Upande wa Pili

Hii aibu huwa siisemi, maana nikiisema mnacheka mpaka mnashika mbavu, lakini basi, leo nimejitoa.

Siku hiyo wazazi wa Neema walikuja kumtazama mtu anayetaka kumwoa binti yao. Kwangu ni juu ya Karatu, tunapakana na msitu wa Ngorongoro, na mahindi yalikuwa yamekomaa, kwa hiyo mazungumzo yakaingia kwenye tembo. Mzee, baba yake Neema, akaniuliza wakija nafanyaje. Nikasema (mdomo huu, jamani) mimi nawafukuza peke yangu kwa debe. Ukweli ni kwamba wiki moja kabla tembo alilisukuma banda la jiko la jirani likalala chini, na tangu hapo nilikuwa nalala na viatu mguuni.

Nikataka kuwapendeza zaidi, nikaweka kwenye redio kaseti niliyoipata mnadani, muziki wa Wazungu wa miaka ya themanini, gitaa la besi linadunda, vinanda vya umeme vinajibizana, Mzee akaanza kutikisa mguu. Upande wa kwanza ulipoisha nikageuza wa pili, ambao sikuwahi kuusikiliza, ukaanza kimyakimya, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaenda chooni nyuma ya nyumba.

Ndiyo kwanza nimechuchumaa, tembo akalia. Karibu kabisa. Akalia tena, kwa hasira. Niliogopa, siwafichi, nikaushika mlango wa bati kwa mikono miwili, suruali iko miguuni, nikapiga kelele, "Tembo! Msitoke ndani!" Majirani waliokuwa shambani wakaja mbio na madebe na vuvuzela, na kelele zao zikanizidishia hofu, nikaanza kusali kwa sauti, nikamwambia Mungu hata Neema aolewe na mwingine, mradi mimi nitoke mzima.

Ghafla kimya. Mtu akakohoa nje ya mlango.

"Kijana," akasema Mzee taratibu, "tembo wako nimemzima. Vaa utoke."

Kumbe ni kinanda na tarumbeta za upande wa pili wa kaseti. Nikatoka, uwanja umejaa watu na madebe yao, mama mkwe amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na Neema, aliyeisikia sala yote, anatazama chini.

Binti walinipa. Ila Mzee alidai kaseti iongezwe kwenye mahari, na kila nikienda kumsalimia anaiweka, upande wa pili, sauti mpaka mwisho, huku ananitazama. Nimeapa sitajisifu tena mbele ya wakwe, maana hiyo sauti ya tarumbeta najua kabisa inakuja, na bado ikilia naangalia mlango uko wapi.