Kidole Begani kwa Baba

Macho ya Baba yalipoanza kufifia, hakuacha upinde. Alinifanya mimi niwe macho yake, bila mshahara na bila kuniuliza. Mimi ni kinyozi, nina kibanda Free Area, mjini Nakuru, lakini kila mahindi yalipokaribia kukomaa nilirudi nyumbani Longonot nimsaidie kulinda shamba. Ngiri wa kwetu hawana adabu. Wanapiga magoti katikati ya mahindi ya mtu kana kwamba wako kanisani, na kabla hujamaliza chai wamemaliza mistari miwili. Sheria inakataza kuwaua. Baba alilijua hilo, na alikuwa na maneno yake makali kuhusu sheria isiyoshika jembe.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye alivuta upinde, mimi nikasimama nyuma yake na kidole changu begani kwake. Baba alimwona mnyama kama doa jeusi tu, na hilo lilimtosha kulenga. Asichokiona ni kilichokuwa katikati: jani, waya, kijiti cha kichaka cha leleshwa. Nikibonyeza, anaachia mshale. Nikiondoa kidole, anashusha upinde na tunarudi nyumbani.

"Hata kijiti kimoja kikiwa njiani, toa kidole," aliniambia tangu siku ya kwanza. "Mshale ukiguswa unapotea, na mnyama hafi. Anateseka. Afadhali wakule hayo mahindi."

Mwaka wetu wa mwisho niliondoa kidole wiki nzima. Leleshwa ilikuwa imefunga ukingo wote wa shamba, na wateja walikuwa wananipigia simu kuuliza kama nimehama. Baba naye akanitania kwamba kidole changu kimeingia baridi. Nilicheka, lakini iliniuma.

Jumamosi asubuhi dume moja likasimama ubavu, karibu sana. Mbele ya mbavu zake palikuwa na kijiti kimoja, chembamba kama njiti ya kiberiti. Nilikiona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miezi mingi nilijaribu kujidanganya: nilikiona vizuri kabisa. Nikajiambia mshale utapita. Nikabonyeza.

Mshale ulimwingia tumboni. Alikimbia nao hadi kwenye mawe meusi nyuma ya shamba, akaingia kwenye shimo ambalo jembe haliwezi kulichimba. Tulipofika tulimsikia huko chini. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anavuta pumzi na kuiachia, kama mtu anayejaribu kulala huku jino linamuuma.

Baba akakaa mdomoni mwa shimo.

"Umeona vile mkono wangu umezeeka?" akasema. "Nimempiga tumbo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikasema wateja wananingoja, na kufikia mchana nilikuwa njiani kurudi Nakuru. Mama alinieleza kwa simu kwamba Baba alikaa pale mpaka kesho yake asubuhi, sauti ilipokoma. Kisha akaja nyumbani, akakata uzi wa upinde, akautumia kufungia mlango wa banda la kuku.

Tangu siku hiyo, nikizima mashine ya kunyolea naisikia ile pumzi. Nilinunua mashine nyingine; fundi alinishangaa, akasema ile ya zamani haina ubaya wowote. Siku nyingine mteja hufumba macho kitini, apumue kwa nguvu, nami hutoka nje kwanza. Naogopa. Sijui neno jingine la kuliita jambo hilo.

Krismasi nilirudi nyumbani. Baba alikuwa haoni tena kabisa. Nilimkalisha uani, nikamnyoa kama kawaida.

"Siku ile kijiti kilivunjika," akasema ghafla.

Mkono wangu ukasimama. "Ulikisikia?"

"Ni macho tu yameharibika."

"Na mbona hukusema, Baba?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwambia yote: kwamba nilikiona, kwamba nilikuwa na haraka, kwamba nilimwacha aulaumu mkono wake bure. Nililia, mtu mzima na wembe mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimalize upande wa kushoto, asije akachekwa kanisani. Nikadhani yamekwisha.

Nilipomaliza nikamfuta shingo, nikamwekea mkono begani ili nimwongoze ndani, hatua chache tu. Hakuinuka.

"Hapo mbele kuna nini?" akauliza.

Nilitazama. Nilitazama tena.

"Hakuna kitu, Baba. Ni wazi."

Akaushika mkono wangu taratibu, akautoa begani, akamwita Mama aje amwongoze.