Maharage Niliyounga kwa Mafuta ya Bibi Harusi

Wenzangu, mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na pale nilipokosea herufi msomeni kwa huruma, shule niliishia ya msingi na nikiandika naenda polepole kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Aibu hii bado mbichi, hata kanisani sasa nakaa benchi la nyuma. Kuisimulia kwa mdomo siwezi (watu watatu wakiniangalia pamoja natetemeka), ndiyo maana naandika.

Siku ile wakwe walikuwa wanakuja nyumbani kwetu Rugerero kwa mara ya kwanza, kumwona yaya Solange, dada yangu mkubwa: mchumba wake, baba wa mchumba, na shangazi yao, tantine Vere. Huyo tantine ndiye mwenye neno la mwisho kwao. Tulisikia kuna msichana wa Kanzenze aliyekataliwa naye kwa sababu alimletea maziwa kwenye kikombe kilichonuka moshi. Yaya alikuwa hali wala halali. Mama akanituma dukani nikalete mafuta ya kupikia, yeye akaenda kwa jirani kuazima viti.

Sikwenda dukani. Yote yalianzia hapo. Nilikuwa na mafua, manyunyu yalikuwa yanaanguka, na nikakumbuka tulivyoambiwa kwamba baba wa mchumba ameachana na mafuta ya chupa, siku hizi anataka vyakula vya wazee, viazi vitamu, maziwa ya mgando, maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya ng'ombe, yale ya maziwa. Na Nyogokuru, yaani bibi yetu, kila siku anatuimbia, "Mungekuwa munakula mafuta ya ng'ombe kama sisi, hamungekuwa munaumwa-umwa hivi!" Basi chini ya kitanda chake nilijua kuna chungu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Nyogokuru alikuwa kanisani. Nikakifungua: mafuta ya ng'ombe, ya manjano, laini. Nikajiambia, leo mimi niliye bubu wa nyumba hii nitawapa heshima.

Nikakaanga vitunguu, nikaunga maharage, mafuta yaliyobaki nikayapaka juu ya viazi vitamu vikang'aa. Nilionja, chumvi ilikuwa sawa. Harufu? Pua ilikuwa imeziba, ungeweza kunifungia beberu shingoni nisijue.

Wageni wakaketi, nikawapakulia. Sasa, kwetu mtu aliyekuja kuoa hakatai chakula, hata umpe jiwe atasema limeiva. Tantine Vere akaweka kijiko mdomoni, taya likasimama. Baba wa mchumba akameza, macho yakamtoka, akasema, "Maharage hii... iko na harufu muzuri sana." Mchumba alikula haraka kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Na mimi mlangoni nilifurahi! Nilidhani utamu ndio uliowanyamazisha. Nikamwongezea baba.

"Merci mwanangu, bon, inatosha."

Nikamwongezea tena (nyumba yenye adabu haisikii "inatosha" ya kwanza). Akala yote, maskini.

Ndipo Nyogokuru akaingia na mwavuli wake. Hakusalimu. Alinusa hewa, akauliza, "Nani amejipaka mafuta ya Solange?"

"Hakuna mutu amejipaka, Nyogokuru," yaya akajibu.

Nyogokuru akafuata harufu mpaka kwenye sufuria, akainama, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yebabawe! Mumeyapika?"

Kumbe mafuta yale alikuwa anayaandaa miezi mingi, ameyachanganya na umubavu, ile mimea ya manukato inayosagwa, ampake yaya mwili mzima siku ya harusi, jinsi mama yake alivyompaka yeye. Yalikuwa ya ngozi. Mimi nimeyapeleka matumboni.

Baba wa mchumba aliangusha kijiko. Mchumba akatoka mbio kuelekea chooni, baba yake nyuma yake, na choo chetu ni kimoja. Mama aliyekuwa anarudi na kiti cha mwisho kichwani aliwakuta wanagombea mlango. Yaya alilia bila sauti, na kilio hicho ndicho kilichoniua.

Tantine Vere akafuta mdomo taratibu. Tukangoja.

"Donc tumemukula bibi harusi wetu mbele ya harusi," akasema. Hakuna aliyethubutu kucheka. "Solange mwanangu, nyamaza. Harusi iko palepale. Lakini huyu," akaninyooshea kijiko, "siku ile asikaribie moto."

Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa kila asubuhi nakaa chini kutikisa kibuyu cha maziwa ili siagi mpya ipatikane, maana mikono ya Nyogokuru haiwezi tena, na harusi inakaribia. Mabega yananiuma. Yeye amekaa karibu na fimbo yake, nikipumzika kidogo anauliza kama wakwe nao walipumzika njiani kwenda chooni. Nimeapa: chungu cha mzee sitakifungua tena bila kuuliza, hata nikijua kilichomo.

Ninyi mnaosoma, niandikieni tafadhali. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kuwalisha wageni kitu kisicholiwa, aniambie anawaangaliaje sasa, kwa sababu siku ya harusi mimi ndiye nitakayewanawisha mikono.