Mstari kwenye Mkia wa Hondohondo

Wiki hii jirani anakandika nyumba yake, na harufu ya udongo mbichi imeninyima usingizi. Nikifumba macho, swali la zamani linarudi: ule mstari ulikuwa wa unyoya, au ni uchafu uliokataa kutoka? Nina digrii, sina kazi, na muda wa kujiuliza ninao mwingi.

Kwetu ni Buyangu, mahali shamba linapoishia msituni. Palikuwa na mkuyu mkubwa wenye tundu, na kila msimu hondohondo jike alijifungia humo na mayai yake. Mlango ulizibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba ambao dume alipitishia matunda. Madume waliozunguka hapo walikuwa wawili, weusi kwa weupe, na wageni waliwaona sawa. Mimi nilimjua wetu, mume wa yule jike. Pembe iliyo juu ya mdomo wake ilikuwa imemeguka ncha, na unyoya mmoja mweupe, pembeni mwa mkia, ulikuwa na mstari wa kijivu kama uzi. Kukhu, mama yake baba, alinicheka kwamba ingokho zake mbili, kuku wa pale uani, nazichanganya, lakini bwana wa watu namtambua akiwa angani.

Asubuhi moja tulikuta dume mmoja amekufa chini ya mkuyu. Mbwa walikuwa wamekula kichwa. Baba aliuosha mkia ndani ya beseni hadi maji yakawa mekundu. Mstari ulionekana nikitazama kwa pembeni, ukapotea nikiukazia macho.

Kama ni wetu, jike na kinda walikuwa wanakufa njaa mle ndani. Kama si wetu, kubomoa ule udongo kungewafungulia kima mlango, na kinda angeliwa. Niliomba tungoje tuone nani atakuja. Tukakaa hadi jioni, hakuja yeyote. Nikasema labda mvua imemchelewesha. Asubuhi iliyofuata nikasema labda anatuogopa, tukajificha nyuma ya migomba. Tunduni kulisikika mkwaruzo hafifu, kisha hata huo ukakoma.

Baba alichuchumaa mbele yangu. "Mama," alisema, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "mimi naonanga ndege tu. Wewe ndiye unamjuanga. Ni yeye?"

Nilidhani ananipima, kwamba jibu analo tayari. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hakuwa nalo, na kwamba alikuwa anaogopa kama mimi. Wala mstari sikuwa nimeuona vizuri kuliko jana yake.

"Ni yeye," nilisema. "Bomoa, baba."

Alipanda ngazi, akagonga kwa mgongo wa panga hadi udongo ukaporomoka. Jike alitoka kifua kimechongoka, akatua tawini bila kulia. Baba akaingiza mkono tunduni, akapapasa, kisha akaniambia nimletee jani la mgomba la kumfungia kinda. Nikaenda kulikata.