Maman Kahambu Abana Pumzi

Katika mtaa mzima wa Saint-Josse, huko ughaibuni, hapakuwa na mtu aliyewahi kumnyamazisha Maman Kahambu, mwuza vitenge kutoka Butembo. Ugonjwa nao haukuweza. Mwaka 1998 walipomkuta na saratani sehemu ya chini ya pafu la kulia, alimwuliza daktari, kabla hata hajafunga vifungo vya blauzi, lile koti lake jeupe amelinunua wapi, maana amepunjwa.

"Uvimbe wako hautulii, madame," daktari alimweleza. "Ukivuta pumzi unashuka, ukitoa unapanda. Ukibana pumzi, mionzi itaupiga wenyewe. Usipoweza, nitapanua eneo, niunguze na pafu lenye afya. Jaribu wiki hii."

Kahambu alielewa upesi. Pafu lenye afya ni mali, na yeye hatoi mali bure.

Lakini chini ya mashine mambo yakaharibika. Désiré, fundi wa mionzi, mzaliwa wa Bukavu, alitoka chumbani, akafunga mlango mzito, akawa anamtazama kwenye televisheni na kusema naye kwa kipaza sauti.

"Maman Kahambu, vuta pumuzi. Shika!"

"Ndiyo, papa!"

Pumzi yote ikatoka na jibu. Désiré hakuwasha.

"Maman, usijibu!"

"Bon, nimesikia. Sijibu tena."

"Unajibu sasa!"

"Alors, muntu ananiita maman, ninyamaze kama kiti? Nyumbani hawakunifundisha vile."

Siku ya pili Désiré akaliacha hilo "maman". "Vuta! Shika!"

Mgonjwa akainua kichwa. "Weye, unaongea na nani?"

Alhamisi daktari akasema: kesho ikishindikana, anapanua.

Désiré alikuna kichwa, akakumbuka siku mkewe alipomtuma dukani kwa Kahambu. Désiré alitaka kitenge cha bluu kwa nusu bei. Mwenye duka hakutukana wala hakucheka. Alivuta pumzi, akajaza kifua, akatazama juu ya kichwa cha mteja, kimya, mpaka Désiré akaona haya akatoka mikono mitupu. Bei ya matusi haijibiwi. Anayeijibu ameshaanza kupunguza.

Ijumaa akasogelea kipaza sauti.

"Vuta pumuzi, maman. Kile kitenge cha bluu... nitakupa nusu."

Kifua kikavimba, kikasimama hapo hapo. Désiré akawasha, mashine ikanguruma, ikazima.

"Pumua, maman."

"Nusu? Voleur! Mwizi weye! Unatafuta kitenge ao pazia ya choo?"

Daktari akaliacha eneo lilivyokuwa. Wiki zote zilizofuata Désiré alizidi kushusha bei, na Kahambu alizidi kukaza kifua, kila siku muda mrefu kuliko jana, na matusi ya baada yake yakirefuka vilevile.

Matibabu yalipokwisha, Désiré akaenda dukani na kuomba kile cha bluu.

"Maman, sasa tunajuana. Donc, unipunguzie kidogo."

Maman Kahambu akavuta pumzi, akaibana.

Désiré akakitazama kile kifua alichokizoesha mwenyewe, akajua kingeweza kukaa vile muda gani, akatoa bei yote.