Hatua Saba za Fundi Saa

Shemeji yangu ni fundi saa, na dada yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyemharibu. Simsengenyi marehemu, nasema nilichokiona. Kwa miaka ishirini na saba alikipanga chumba cha mbele ili mumewe asipate sababu ya kunyanyuka: koleo kwenye msumari wa kulia, bisibisi kushoto, redio nyuma ya bega, chupa ya chai karibu na goti. Yeye alikaa kwenye kiti cha mlangoni akimenya viazi, na kilichokosekana alikileta.

Alipofariki, shemeji aliendelea kukaa. Watoto wako mbali, na wateja ni wa kuhesabu, kwa kuwa kila mtu ana saa kwenye simu. Siku nzima sauti ilikuwa ya redio tu.

Kliniki wakamwambia sukari imepanda, ndiyo maana miguu inakufa ganzi.

"Mzee, ukiendelea kukaa hivi, mguu tutakuja kuukata," daktari alisema mbele yangu. "Si lazima ukimbie. Nyanyuka mara kwa mara, tembea hata humo humo ndani."

Njiani nikamtania, "Shemeji, hata mshale wa saa unakushinda mwendo!" Akacheka kidogo. Hakunyanyuka. Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Basi siku moja, akiwa kliniki, nikaingia kwa ufunguo wa dada na kupangua chumba kizima. Koleo dirishani, redio juu ya kabati, chai jikoni. Nikajiona mjanja.

Akarudi, akaketi, akavaa lenzi yake jichoni. Mkono ukaenda kwenye msumari bila yeye kuangalia. Ukapapasa ukuta, ukapapasa tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Shemeji, vile vitu alivipanga yeye," akasema. "Nikinyoosha mkono, ni kama ananipa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kuvirudisha, akanizuia. Akaniambia niziweke zana zote kwenye kile kiti cha mlangoni, ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu msiba.

Sasa akitaka bisibisi, ananyanyuka, anakwenda mpaka pale. Akimaliza anairudisha, hata kama ataihitaji tena baada ya dakika moja. Mara nyingi nimemkuta amesimama tu pale, mkono kwenye mgongo wa kiti, hachukui chochote.

Juzi daktari alimpima, akafurahi. Sukari imeshuka, ganzi inapungua.

"Siku hizi unatembea kwenda wapi, mzee?"

"Naenda kwa mke wangu."

"Vizuri sana. Ni mbali?"

"Hatua saba," shemeji akajibu, akifunga vifungo vya shati. "Naenda kutwa nzima, daktari. Simkuti."